Maji ya Mgongo na Kichwa Kinachouma

Kuna ugonjwa mmoja wa kichwa ambao watu wachache wanaujua, hata katika miji mikubwa. Alama yake ni hii: mgonjwa akilala, kichwa kinatulia, akisimama, kinauma kama kupasuka. Watu wakiona hivyo husema upesi: «Huyu hana ugonjwa, ana uvivu. Mbona akilala anapona?» Ndugu wasomaji, twataka kuwaeleza leo kwamba mtu huyo pengine ana ugonjwa wa kweli kabisa, na sababu yake ni maji. Siyo maji ya mto, bali maji ya ubongo wake mwenyewe, ambayo yamepata tundu na yanavuja.

Sisi si waganga. Kazi yetu ni kufundisha dini, na tangu tulipotoka seminari tumewafundisha wakatekumeni katika vijiji vya Maniema. Lakini mwalimu wa dini huitwa penye wagonjwa mara nyingi kuliko mganga, kwani mganga yuko mbali na mwalimu yuko karibu. Miaka yetu ni thelathini na minne tu, walakini tumekwisha kukaa karibu na mikeka mingi ya wagonjwa. Mambo tutakayoyasema tumeyapata kwa waganga wa hospitali, kwa vitabu, na kwa yale yaliyoipata jamaa yetu wenyewe.

I. Maji hayo ni kitu gani?

Ubongo wa mtu haukai mkavu ndani ya fuvu. Unaelea katika maji meupe, safi kama maji ya chemchemi. Maji hayo huuzunguka ubongo, tena hushuka ndani ya mfupa wa mgongo mpaka kiunoni. Kwa mtu mzima yapata mililita 150, ndiyo karibu nusu ya chupa ndogo ya limonadi. Hayakai yale yale siku zote: kila siku mwili unatengeneza kadiri ya mililita 500, na yale ya zamani yanarudi katika damu. Hivyo kwa siku moja yanabadilishwa mara tatu na zaidi.

Kazi yake ni nini? Fikirini mtumbwi wa Lualaba. Ukiwa juu ya maji, mtoto aweza kuusukuma kwa mkono mmoja. Maji yakikauka, mtumbwi unakalia mawe, na wanaume sita hawauwezi. Ubongo nao ni hivyo. Ukiwekwa juu ya mizani una uzito wa gramu 1,400 hivi. Lakini ukielea katika maji yake, ni kama gramu 50 tu. Maji yakipungua, ubongo unakuwa mzito tena, unashuka chini na kuvuta yote yanayoushika.

Kuna ngozi zinazoyazuia maji hayo. Ile ya nje, iliyo ngumu, waganga wanaiita dura mater. Sisi tuliojifunza Kilatini twajua maana yake: mama mgumu. Ile ya ndani, iliyo laini, inaitwa pia mater, mama mpole. Majina hayo yalitoka kwa Waarabu. Wao walikuwa na desturi ya kukiita «mama» kitu kinachofunika na kulea kingine, na katika karne ya 12 vitabu vyao vya uganga viligeuzwa kwa Kilatini. Basi, mama mgumu akitoboka, maji yanatoka, na mtoto aliyemo ndani, ndio ubongo, anateseka.

Sasa mwaweza kufahamu kwa nini kulala kunasaidia. Mtu akisimama, maji yaliyobaki yanashuka kiunoni, na kichwa kinapungukiwa. Akilala, kichwa na mgongo vinakuwa sawasawa, maji yanarudi penye kichwa, na ubongo unaelea tena. Huo si uvivu. Ni njia ya maji.

II. Habari ya dada yetu

Mwaka 2017 dada yetu mdogo alijifungua mtoto wake wa pili. Mtoto alilala vibaya tumboni, ikawa lazima mama apasuliwe katika hospitali moja. Kabla ya kumpasua walimpiga sindano ya ganzi mgongoni, ili asisikie maumivu naye yu macho. Kazi hiyo ni njema, na imeokoa mama wengi. Sindano iliyokuwako siku ile ilikuwa nene. Mtoto alitoka mzima, kidonda kikapona vizuri.

Siku ya tatu dada yetu alisimama ili aende kuoga, akashika kichwa na kukaa chini. Akalala, akapata nafuu. Akasimama tena, maumivu yakarudi, toka kisogoni mpaka shingoni na mabegani. Akatapika. Watu walidhani ni uchovu wa uzazi, naye akarudi nyumbani kwa mume wake.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu. Mama mkwe wake ni mwanamke mwenye nguvu na asiyependa mchezo. Alisema: «Mimi nimezaa watoto wanane, na kila mara juma halikwisha nimekwenda mtoni kuteka maji. Huyu analala mchana kama mke wa chifu.» Wengine walisema kwamba amefungwa kichwa na mtu mwenye wivu, wakataka kumpeleka kwa mfumu aliye ng'ambo ya mto. Shemeji yetu alikuwa katikati, hajui amfuate nani. Siku ya kumi na mbili maneno yalifika mbali: wazee wa ukoo walianza kusema juu ya kumrudisha kwetu, na juu ya mali ya ndoa.

Ndipo shemeji alipotuma mtu kutuita. Tulimkuta dada yetu amelala chali, mtoto kifuani, anazungumza vizuri, hata anacheka. Tukamwambia: «Simama kidogo, mdogo wetu.» Alisimama, na kabla hatujahesabu hamsini uso ulikuwa wa majivu. Alisema: «Ndugu yangu, masikio yangu yamezibika, nasikia sauti yako kama imo ndani ya mtungi. Tena nikitazama upande huu, naona watoto wawili.» Tulitazama jicho lake la kushoto. Lilikuwa limeelekea puani, halikuweza kufuata kidole chetu kwenda nje.

Tuliwaomba wazee watupe siku tano kabla ya kukata shauri lolote. Tuliwaambia: «Uvivu haupindi jicho.» Neno hilo walilikubali. Mama mkwe hakujibu, lakini alikwenda akatoa blanketi lake mwenyewe kwa kutengeneza machela. Hatukumweka juu ya baiskeli, kwani kukaa ndiko kulikomwumiza. Vijana wanane walimbeba kwa zamu siku moja na nusu, amelala, mpaka hospitali nyingine iliyo kubwa zaidi.

Mganga wa huko hakuanza na dawa. Alianza na maswali mawili: «Ukilala je? Ukisimama je?» Kisha akauliza kama alipigwa sindano mgongoni. Akampima damu kwa ajili ya malaria, akapima nguvu ya damu, akakunja shingo yake, akatafuta homa. Halafu akatueleza habari ya tundu na maji, akasema: «Tutatia kiraka.»

Kiraka hicho ni damu ya mgonjwa mwenyewe. Waliosha mkono na mgongo kwa dawa, wakatoa damu mkononi mililita 20, na mara ile ile wakaiingiza polepole mgongoni, nje ya mama mgumu, karibu na tundu. Damu inaganda, inaziba. Kisha alilala kimya. Jioni ile alikaa kitako akanyonyesha mtoto, na kesho yake alitembea mpaka mlangoni. Masikio yalifunguka. Jicho lilikawia, miezi miwili ilipita kabla halijanyoka.

Leo mama mkwe wake ndiye anayewatembelea wazazi wapya mtaani, na akisikia mmoja analia kichwa, anauliza kabla ya mtu mwingine: «Ukilala je? Ukisimama je?»

III. Mganga aliyejijaribu mwenyewe

Ugonjwa huu si wa Waafrika tu, wala si wa wanawake tu. Mwaka 1891 huko Kiel, katika nchi ya Udachi, mganga Heinrich Quincke alieleza namna ya kuingiza sindano kiunoni na kutoa maji ya mgongo. Mwaka 1898, katika mji ule ule, mganga August Bier alitumia njia hiyo kutia dawa ya ganzi. Lakini wagonjwa wake wengine waliumwa kichwa na kutapika, naye akataka kujua sababu. Akamwambia msaidizi wake Hildebrandt ampige yeye mwenyewe sindano.

Jambo halikwenda vizuri: bomba halikushikana na sindano, na maji mengi ya Bier yakamwagika. Wakabadilisha, Bier akampiga Hildebrandt. Huyu akafa ganzi kweli: walimpiga mguuni kwa nyundo ya chuma, wakamchoma kwa sigara kubwa, asisikie kitu. Baadaye ganzi ilikwisha, na wote wawili wakapata taabu. Bier alilala kitandani siku tisa. Akisimama kichwa kinamzunguka na kuuma, akilala kinatulia. Hapo alifahamu kwamba kupotea kwa maji ndiyo sababu. Hakuna aliyemwita profesa huyo mvivu.

Kiraka cha damu kilikuja baadaye. Mwaka 1960 mganga James Gormley wa Marekani aliona kwamba wagonjwa waliotokwa na damu kidogo wakati wa sindano hawakuumwa sana kichwa. Akajaribu kutia damu makusudi, ikafaa. Sindano nazo zimetengenezwa vizuri zaidi. Ile ya zamani ina ncha inayokata kama kisu. Ile mpya ina ncha kama ya penseli, inatenganisha nyuzi za ngozi pasipo kuzikata sana, na tundu lake hujifunga upesi. Sindano ikiwa nyembamba na yenye ncha ya namna hiyo, wachache tu wanaumwa. Ikiwa nene, wengi.

IV. Hatari zake

Mara nyingi tundu hujifunga lenyewe katika juma moja au mawili, na mgonjwa anapona. Kwa hiyo msiogope kupita kiasi. Lakini likibaki wazi, mambo mengine yaweza kufuata.

Ya kwanza ni mishipa ya fahamu kuvutwa. Kwa hiyo macho huona viwili, masikio huvuma au huziba, kizunguzungu huja. Ya pili ni damu. Ubongo ukishuka, mishipa midogo ya damu inavutika, na pengine inakatika. Damu inakusanyika kati ya fuvu na ubongo na kuukandamiza. Alama yake mwikumbuke: kichwa kilichokuwa kinatulia kwa kulala sasa kinauma hata mgonjwa akilala, tena anasinzia, anachanganyikiwa, au mkono mmoja unalegea. Ya tatu ni damu kuganda ndani ya mishipa ya kichwa, jambo ambalo laweza kuleta kifafa. Mambo haya ya pili na ya tatu si ya kawaida, lakini yanaua.

Kuna na watu ambao mama mgumu wao alitoboka pasipo sindano yoyote, kwa sababu ngozi ilikuwa dhaifu, au kijiba cha mfupa wa mgongo kiliichoma. Hao ndio wanaoteseka kabisa, maana hakuna anayefikiri habari ya maji. Wengine kwa muda mrefu hubadilika tabia: mtu mwenye bidii anakuwa mzito, anasinzia, hajali jamaa, kama mzee aliyepotewa na akili. Tundu likionekana kwa mashine za kupiga picha, likafungwa, baadhi yao hurudi kuwa watu wale wale waliokuwa kwanza.

V. Maji yatokayo puani

Mahali pengine maji haya hutoka juu, wala siyo mgongoni. Katika kijiji chetu kijana mmoja mkwea michikichi alianguka toka juu, akapiga paji la uso. Alizimia kidogo, akaamka, akarudi kazini baada ya majuma mawili. Lakini pua yake upande mmoja ilidondosha maji meupe kila alipoinama, na kooni alisikia ladha ya chumvi. Watu walisema ni mafua. Naye mwenyewe alitaniwa, akatania pia. Mwezi wa pili homa kali ilimshika, shingo ikakakamaa kama mti, akaanza kusema maneno yasiyo na maana. Alichukuliwa hospitali, lakini alikufa usiku ule. Ilikuwa meninjiti.

Mfupa mwembamba ulio juu ya pua ulikuwa umevunjika, na mama mgumu akapasuka pale. Maji yanapotoka, vijidudu vya puani vinaweza kuingia kwa njia ile ile. Mafua hutoka pande zote mbili, ni mazito, na hukwisha. Maji ya ubongo mara nyingi hutoka upande mmoja, ni mepesi kama maji ya kunywa, huzidi mtu akiinama, na hayakomi. Mtu aliyepigwa kichwani naye akitokwa na maji ya namna hiyo puani au sikioni, apelekwe hospitali siku ile ile. Asipenge kwa nguvu, wala asizibe pua kwa pamba.

VI. Sindano ya mgongo na ugonjwa wa usingizi

Katika nchi yetu ya Kongo hatuwezi kusema habari ya maji ya mgongo tusitaje ugonjwa wa usingizi. Mwaka 1903 mganga Aldo Castellani, aliyefanya kazi Uganda, alitangaza kwamba ameona wadudu wa ugonjwa huo ndani ya maji ya mgongo. Tangu hapo, ili kujua kama wadudu wamefika ubongoni, ilibidi kutoboa mgongo. Na baada ya dawa, mgonjwa alitobolewa tena kila miezi sita kwa muda wa miaka miwili.

Wazee wetu waliiogopa sana sindano ile. Wengine wakisikia gari la wapimaji linakuja, walikimbilia mashambani. Tusiwacheke. Waliona ndugu zao wakirudi na kuumwa kichwa siku nyingi, pasipo mtu wa kuwaeleza sababu. Palipokosekana maelezo, miiko ilijaza nafasi. Katika sehemu nyingine za nchi aliyetibiwa alikatazwa kula chakula cha moto, kutembea juani, kulima, hata kukaa na mke wake, kwa miezi mingi. Mtu mwenye watoto akifikiri hayo, anaona afadhali asipimwe. Na hofu hiyo iliua, maana ugonjwa wa usingizi usipotibiwa, mwisho wake ni kifo. Mwaka 1998 peke yake wagonjwa wapya zaidi ya 26,000 walionekana katika Kongo.

Habari njema ni hii. Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali yetu ilikubali dawa mpya, feksinidazoli, ambayo ni vidonge vya kumeza siku kumi pamoja na chakula. Waganga wa Kongo na wagonjwa wa Kongo ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuijaribu. Kwa wagonjwa wengi, mganga akiona kwamba ugonjwa haujawa mkali, hapana tena lazima ya kutoboa mgongo. Tena dawa nyingine, akoziboroli, inayomezwa mara moja tu, ilijaribiwa huku kwetu na katika Gine, na matokeo mema yalitangazwa mwaka 2022. Basi, anayekimbia wapimaji leo anakimbia sindano ya babu yake.

VII. Tufanye nini?

Ndugu wasomaji, yashikeni haya machache.

Sindano ya mgongo isikataliwe kwa ajili ya hofu. Pengine ndiyo inayomwokoa mama na mtoto, na kwa meninjiti ndiyo inayoonyesha dawa ifaayo.

Mtu aliyepigwa sindano hiyo akiumwa kichwa, mwulizeni maswali mawili: «Ukilala je? Ukisimama je?» Jibu lake mpelekeeni mganga, na mtaje siku ya sindano. Msimlazimishe kubeba maji wala mtungi, na mtoto aletewe mama pale alipolala. Kulala kunapunguza maumivu, lakini hakuzibi tundu. Kwa hiyo siku zikizidi, au maumivu yakiwa makali, asiachwe tu.

Si kila kichwa cha mzazi kinauma kwa sababu ya maji. Nguvu ya damu kupanda, malaria na meninjiti nazo huumiza kichwa, na zinaua upesi. Akiwa na homa, shingo ngumu, kifafa, macho kuona viwili, usingizi usio wa kawaida, au mkono kulegea, msingoje kesho. Mbebeni, naye awe amelala.

Na mwisho: kabla ya kumwita mtu mvivu, au kutafuta aliyemfunga kichwa, kaeni karibu naye kwa muda wa robo saa. Mwacheni alale, kisha asimame, mtazame uso wake. Kazi hiyo haitaki shule wala franka, na kila Mkristu aweza kuifanya. Dada yetu hakurudishwa, mali ya ndoa haikurudi, na mtoto wake sasa anasoma shule ya msingi. Kama hakuna mtu angalimwangalia akiwa amesimama, pengine hadithi yake ingalikuwa nyingine.